Ng'ombe wa Robi Wameingia Kwenye Ukaguzi

Mugumu

Kwako Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Tata. Mwalimu anayekusomea barua hii naye namsalimu; asome taratibu, asiruke neno. Mguu wako unaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi haunijii, na sababu ni ng'ombe wetu.

Unajua kazi yangu hapa barazani ni kuandika yanayosemwa. Serikali imeagiza kila baraza likague kazi zake kila mwaka, litake lisitake, lakini ikatuachia tuamue wenyewe ukaguzi uishie wapi. Visima na zahanati havikutusumbua. Tulipofika kwenye josho, ndipo kelele zikaanza. Wazee walitaka ukaguzi uishie kwenye lango la josho: dawa, ukuta na maji, basi. Bwana Mifugo akasema josho ni la ng'ombe, kwa hiyo na ng'ombe wenyewe wakaguliwe, boma kwa boma. Akashinda. Sasa kila ng'ombe ataandikwa kuwa mali ya boma analolala, na watakaozidi kiwango cha boma moja watapelekwa mnadani.

Tata, ng'ombe wa mahari ya dada Robi wanalala kwa rafiki yako Mzee Wambura, huku Morotonga. Uliwaweka kwake ili ugonjwa ukiingia kwetu Matongo usitumalize. Ndio hao mdogo wangu Chacha anaowategemea kuoa, na wakwe zake wanasubiri.

Kibaya zaidi, ilipoulizwa boma lipi lianze, watu wote wakatazama chini. Mzee Wambura, naye ni mjumbe, akasimama na koti lake lile la vita.

"Anzeni kwangu," akasema. "Mimi nina ng'ombe wachache tu. Sina cha kuficha."

Wakampigia makofi! Nilitamani kumvuta koti akae, lakini karani hana mdomo barazani. Tulipotoka nikamkimbilia.

"Mzee, boma lako limejaa. Mbona umesema wachache?"

Akanishangaa kweli kweli. "Wewe Mwita, ningesemaje? Wale ni wa baba yako. Unataka nijiite tajiri kwa ng'ombe wa mtu?"

Ni mwaminifu mno, na uaminifu wake ndio unaotuponza.

Nikaenda kwa Bwana Mifugo, nikamweleza desturi yetu ya kuwekeana ng'ombe. Hakunifukuza. Alisema kama mwenyewe atakuja asimame pale bomani na kuonyesha walio wake mbele ya watu wote, wataandikwa wake. Mimi ni mwanao, kwa hiyo neno langu halikubaliki.

Ukaguzi utaanza mwezi mpya ukionekana. Najua Mto Mara umejaa, na mguu wako ni huo. Chacha akushike mkono, mpite kivuko cha juu. Tena najua jambo lililo gumu kwako kuliko mto. Hutaki ng'ombe wako watajwe hadharani. Hata mimi mwanao hujawahi kunionyesha wote. Naogopa utaisikia barua hii, utatikisa kichwa, na utabaki kwenye kigoda chako. Tata, nakusihi, safari hii taja.

Mama mwambie namkumbuka, na uji wa hapa hauna ladha ya wake. Shangazi aniombee. Chacha aendelee kujenga nyumba yake, asiogope. Robi msimwambie kwanza. Anajua ameolewa ili mdogo wake naye aoe, na sitaki alie huko kwa mumewe.

Siku hiyo nitakuwa nimekaa langoni kwa Mzee Wambura na kalamu mkononi. Kila ng'ombe akitoka nitaulizwa ni wa nani. Atatoka yule mwekundu wa pembe moja, aliyetangulia wenzake kuingia kwetu siku ile ya mahari ya Robi, nami nitainua macho nikutafute njiani. Nisipokuona, nitaandika wa Wambura, kwa mkono huu uliouuzia fahali ukausomesha.

Ni mimi mwanao,
Mwita