Asahel Pruitt, Uliyelenga Ardhini

Mwaka umetimia, mpendwa wetu Asahel, tangu asubuhi ile walipokurudisha kutoka ng'ambo ya mto Ohio, umefunikwa koti lako mwenyewe.

Ulikuwa wakili usiyejua kumfukuza mtu. Wajane walikuja na kesi zao za mipaka ya mashamba, nawe ukawasikiliza huku ukimenya tufaha, hata kama hawakuwa na cha kukulipa. Kanisani uliimba kwa sauti kubwa, tena vibaya. Aliyethubutu kukuambia ni mama yako peke yake.

Kisha ukagombea ubunge, na siasa ikaingia nyumbani. Barnabas Lockridge, uliyesoma naye sheria, aliyekula mezani petu miaka yote, akasimama kwa chama cha pili. Siku ya mkutano mbele ya mahakama ulimwita kibaraka wa Waingereza. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Kesho yake akamtuma rafiki yake: uombe radhi hadharani, au mkutane kwa bastola.

Mama alikusihi. "Mwanangu, ni neno tu. Lirudishe, uje tule."

"Nikilirudisha, mama, nani atanipa kura?"

"Na ukifa, watampigia nani?"

Ulimbusu kwenye paji la uso, ukaenda kulala.

Walioshuhudia pambano lenu kule ng'ambo ya mto wanasema ulifyatua risasi yako ardhini. Barnabas alikwisha kulenga.

Chama chako kilikuzika kwa ngoma na hotuba ndefu. Kabla udongo haujakauka, kilishamsimamisha mtu mwingine. Barnabas ndiye aliyeshinda, lakini hajakanyaga bungeni. Alikuja hapa wakati wa theluji, amekonda, kofia mkononi.

"Mama, sikutaka afe."

"Ulitaka nini, Barnabas?"

Mama hakumfukuza, wala hakumpa kiti. Barnabas alisimama pale mlangoni mpaka akachoka, akaondoka.

Unakumbukwa na mama yako Thirza, dada yako Dorcas, mimi mkeo Keziah, na binti yako Lavinia, uliyemwacha tumboni. Juzi ametamka "baba" kwa mara ya kwanza, na sote mezani tukainamisha macho.

Maadamu tunapumua, Asahel, hutasahaulika.