Aliyekaa Kati ya 430 na 432

Kambini, 9 Julai, saa moja asubuhi

Baba,

Shikamoo. Natumai kifua kimetulia na dawa unakunywa. Mimi mzima, ila usingizi sina. Ziwa la barafu lilipasuka juu ya bonde jana na tope limefunika nusu ya kijiji. Nimewekwa kwenye kompyuta niandikishe waliookolewa. Kabla ya kuhamishwa, karani aliwaandika kila mtu namba yake mkononi kwa wino, nyumba baada ya nyumba, kuanzia 318 hadi 467. Daftari la majina amevuka nalo ng'ambo ya mto, na daraja limekwenda na maji. Mimi nina namba tu, nilizoziingiza kila lori liliposhusha watu.

Mistari imetimia 150. Kapteni Zarif anasema watu wamekamilika, na saa sita mchana anafunga msako, maana ziwa la pili linavuja. Sijui kwa nini moyo wangu unakataa.

Binti yako,
Savrinamo

Khorog, 9 Julai, saa mbili

Mwanangu,

Marahaba. Kifua ni kilekile, kiache. Umehesabu mistari, hujahesabu watu. Mtu mmoja akipanda lori mara mbili, mistari itatimia huku mwenzake yuko topeni. Jumlisha namba zenyewe. Chini ya safu yako andika =SUM(A1:A150). Kando yake andika jumla inayotakiwa: namba ya kwanza ujumlishe na ya mwisho, uzidishe kwa idadi yao, ugawe kwa mbili. Yaani =(318+467)*150/2. Nimeipiga kwa kalamu, ni 58,875. Zisipolingana, Kapteni asiondoke.

Baba yako

Kambini, 9 Julai, saa tatu na nusu

Baba, nisamehe salamu. Yangu ni 58,846. Zimepungua 29. Nifanye nini?

Savri

Khorog, dakika hiyohiyo

Panga safu kutoka ndogo kwenda kubwa. Tafuta namba iliyojirudia, uiongezee 29. Huyo ndiye hayupo. Kimbia, mama.

Baba

Khorog, 10 Julai, jioni

Savri, tangu jana kimya. Wanasema ziwa la pili limepasuka. Andika hata neno moja.

Baba yako

Kambini, 11 Julai

Baba yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kukutia hofu. Mnara wa simu ulianguka.

Iliyojirudia ilikuwa 402. Ni Shodibek, alishuka na lori la kwanza, akarudi kwa miguu kumfuata punda wake, akapanda tena la mwisho. Kwa hiyo aliyekosekana ni 431. Nikamkimbilia Kapteni. Akaniambia, "Dada, mimi natafuta watu, sitafuti tarakimu." Akataka jina, nami jina sina.

Nikapita hema kwa hema nikiwaomba watu wafungue viganja. 430 ni Gulbahor, nilimkuta akikanda unga. Nikamuuliza nyumba inayoifuata yake ni ya nani. Aliukanda unga mara mbili tatu zaidi. Kisha akasema, "Niyozmo."

Ni mjane, hana mtoto. Yeye na Gulbahor waligombania mfereji wa maji, mwaka wa sita huu hawasemeshani. Gulbahor alidhani amepanda na mzee Imomyor, 432. Imomyor naye alidhani yuko na Gulbahor. Hakuna aliyeuliza.

Kapteni aliposikia jina alichukua kofia yake. Walipanda kijijini watu wanne, naye akiwemo. Saa nane ziwa la pili lilishuka, tukasikia bonde zima likinguruma, na redio yao ikanyamaza. Tulikaa hivyo mpaka asubuhi ya jana, Baba. Gulbahor alisimama njiani muda wote na unga umemkaukia mikononi.

Walirudi wote wanne, wamembeba. Walikuwa wamekimbilia mwambani. Niyozmo walimkuta darini mwa zizi, alikopanda baada ya kuandikwa namba, mguu umevunjika. Alisema alisikia malori yakiondoka, akangoja mtu amwite.

Leo ameuliza ni nani aliyemuulizia. Nilikuwa bado natafuta jinsi ya kumweleza kwamba ni hesabu tu. Gulbahor akajibu, "Ni mimi."

Si kweli, Baba, nami sikumsahihisha. Anamlisha kwa kijiko.

Binti yako,
Savrinamo