Baba, Taya Lako Lilipona

Baba yangu mpendwa,

Jana nilienda kliniki ya meno pale mjini Eldoret kuwaambia kwamba mwaka huu hutafika. Hakuna aliyenituma. Mama alisema watajua wenyewe wakikukosa, lakini mimi niliona si vizuri. Mtu ambaye hakuwahi kukosa siku yake hastahili kuandikwa kwamba ametoroka.

Nitakueleza yaliyotokea huko, lakini kwanza nataka tukumbuke pamoja. Tangu tulipokuzika, watu wamesifu shamba lako na watoto uliowafundisha hapa Soy, na wote wamesema kweli. Lakini hakuna aliyetaja lile ambalo mimi najivunia kuliko mengine yote.

Unakumbuka lilivyoanza? Nilikuwa kidato cha pili. Wewe ulikuwa mwalimu wa darasa la saba, na kila mashindano ya mbio za shule yalipofika, wewe ndiye uliyeshika kipaza sauti. Wazazi walikuja kukusikiliza wewe vile walivyokuja kuwaona watoto wao. "Huyo wa nyuma msimcheke," ungesema, "huyo amehifadhi pumzi." Na mtoto aliyekuwa wa mwisho angeinua kichwa na kuongeza mwendo.

Kisha jino lako la nyuma, chini upande wa kulia, likaanza kulegea. Halikuuma. Ulisema ni uzee, na hata hamsini hukuwa umefika. Uling'olewa na mtu wa meno pale sokoni, lakini shimo halikufunga. Ukaanza kulalamika kwamba chai ina chumvi. Mama alikasirika, akidhani unamlaumu, kumbe ni majimaji yaliyokuwa yakitoka pale jino lilipokuwa. Ni yeye aliyeona uvimbe, asubuhi moja ukinyoa ndevu dirishani.

"Baba Jerono, geuka kidogo. Hii shavu haiko sawa."

"Ni kivuli tu."

"Kivuli hakivimbi. Kesho unaenda Eldoret."

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo nilikusindikiza. Daktari Njoki wa ile kliniki alikuwa bado kijana, na nilikuona ukimtazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi mpya. Alikupiga picha ya eksirei ya taya zima, akaiweka kwenye mwangaza. "Mwalimu, mfupa unafaa uonekane mweupe," alisema. "Hapa ni peusi, kama yai limekaa ndani." Akatoa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa maabara.

Zile siku za kungoja majibu zilikuwa ngumu. Nyumbani watu walishasema ni saratani. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kutuombea kwa sauti ya matanga, nawe ukamkaribisha mursik, maziwa yetu ya mgando, ukamwambia, "Asante, lakini bado niko."

Majibu yalipotoka, daktari alikueleza bila haraka. Haikuwa saratani. Alisema tukiwa watoto kuna tishu ndani ya taya inayotengeneza meno. Kazi yake ikiisha, mabaki hubaki humo, na kwa watu wengi hulala tu milele. Kwako yaliamka, yakajenga kifuko cha majimaji. "Sisi tunaita sisti," alisema. "Inakula mfupa polepole na haiumi, ndiyo maana watu wanachelewa. Jino likilegea bila sababu, au mdomo ukiwa na ladha ya ajabu, au taya likifura upande mmoja, mtu asingoje maumivu."

Halafu akakupa njia mbili. Angeweza kukitoa chote mara moja, lakini mfupa ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la yai. Ungeweza kuvunjika, na mdomo wako wa chini ungeweza kubaki na ganzi. Au angetoboa kifuko, aweke mrija mdogo, nawe ukisafishe kila siku kwa maji ya chumvi, miezi na miezi, mpaka kisinyae na mfupa urudi. Ndipo angetoa kilichobaki.

"Hiyo ya pili inataka mtu mvumilivu," alisema. "Wengi wanaachia katikati."

"Nitaweza kuongea?"

"Utaongea."

"Basi nipe hiyo ndefu."

Hukushauriana na mtu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu nawe kwenye benchi, na nakumbuka nilivyofikiri: huyu ni baba yangu.

Miezi ile, Baba. Ulisimama nyuma ya ofisi ya walimu na sirinji yako, ukisukuma maji ndani ya ule mrija, ukitema, ukisukuma tena. Wanafunzi walipochungulia, hukuwafukuza. Uliwapanga mstari, ukafungua mdomo, ukawafundisha somo la sayansi ambalo halikuwa kwenye ratiba. Mavuno yalifika, sote tukachoma mahindi, nawe ukakaa kando ya moto na bakuli la uji, ukiuliza tu kama yameiva vizuri. Kulikuwa na siku ulichoka. Nilikusikia ukimwambia Mama, "Hata sijui kama inapungua." Mama akajibu kwamba kujua ni kazi ya daktari, yako ni kusafisha. Ukachukua sirinji ukatoka.

Na mashindano yalipokuja, mrija ukiwa bado mdomoni, mwalimu mkuu alitaka kukupumzisha. Ulikataa. Sauti yako ilitoka na mluzi; jina la shule yako lenyewe ulishindwa kulitamka bila kupiga mbinja. Watu wakaanza kucheka uwanjani, nawe ukasema kwenye kipaza sauti, "Leo nimekuja na filimbi yangu, kwa hivyo refa akipoteza yake msiwe na wasiwasi." Uwanja mzima ukacheka nawe. Rafiki zangu wakaniuliza, "Huyo ni nani?" Nikawaambia, na nikasema kwa nguvu.

Kifuko kilisinyaa. Daktari alikitoa pamoja na utando wake wote, akakwangua mfupa kwa uangalifu, akakuonya kwamba sisti ya aina yako ni sugu na hupenda kurudi. Ni lazima uwe unapigwa picha kila mwaka, hata usipohisi chochote.

Hapa ndipo fahari yangu ilipo. Kuvumilia ukiwa mgonjwa, wengi wanaweza. Wewe ulivumilia ukiwa mzima. Miaka ilipita, hujasikia hata mwasho, na bado siku ikifika ulivaa koti lako la kahawia ukaenda. Ndugu zako walikuambia unamtajirisha daktari. Mwaka mmoja mvua ilikuja mapema, trekta ya kukodi ikapatikana siku hiyo hiyo ya kliniki. Ulimwachia Mama shamba, ukaenda. Na ni siku hiyo Daktari Njoki alipoweka kidole kwenye picha akasema, "Kapo hapa. Kadogo kama punje ya wimbi." Alikitoa kifuko hicho kipya kwa sindano ya ganzi tu, jioni ukarudi nyumbani kuuliza mistari imelimwa mingapi. Alituambia baadaye kwamba ungengoja uvimbe uonekane, angeanza tena mwanzo, na pengine safari hii taya lisingepona.

Sasa nikwambie ya jana. Daktari ana mvi siku hizi. Aliponiona peke yangu alisimama. "Mwalimu?" Nikamwambia ni moyo, ulienda usingizini. Akaifungua picha yako ya mwisho. Mfupa ulikuwa umejaa, mweupe, kutoka upande hadi upande. Tuliitazama kwa muda.

Kisha akaniuliza kama ningekubali kuzungumza na mama mmoja pale nje, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Moi's Bridge. Taya lake lilikuwa limefura, na alikuwa amekataa mrija. Nilikaa naye nikamweleza habari zako zote. Alisikiliza huku ameshika shavu.

"Na alikufa na nini?" akauliza. "Usinifiche."

"Moyo, Mama. Taya lilikuwa limepona kabisa."

"Alikuwa mtu wa nguvu sana?"

Nilifikiri kidogo, nisikupambe. "Alikuwa mtu wa kawaida," nikamwambia. "Lakini akiambiwa arudi, alirudi."

Muuguzi alipoita jina lake, aliinuka, akajifunga kitambaa vizuri kichwani, akanipa mkoba wake. "Nishikie," akasema. "Sitakawia." Akaingia, na mlango ukafungwa.

Nilimngoja, Baba. Alipotoka mrija ulikuwa umewekwa, na hakuweza kusema vizuri, lakini alinionyesha kwa kidole tarehe aliyopewa ya kurudi.

Lala salama. Nakupenda, na natembea hapa duniani nikijua nimetoka kwa nani.

Binti yako wa kwanza,
Jerono