Usimuue Landry Kabla Hatujamjua

Goma, Himbi
14 Oktoba 2025

Mpendwa mwanetu Exaucée,

Wengi wanaowapelekea watu hadithi zao hukosea mlangoni: humsimamisha msomaji kwa maelezo marefu kabla hajaingia. Lo, furaha imenifanya niruke salamu! Hamjambo huko Kisangani? Mgongo wa baba yako Kamate umepata nafuu? Sisi tu wazima, na mama yako mkubwa Lucie bado anatwanga majani ya muhogo, sombe ya mtaa mzima.

Hadithi yako imefika kwenye simu, nami nikaisomea nyumba yote. Mwanangu, ni nzuri mno! Ila umeianza kama tunavyoanza hotuba za harusi hapa kwetu: shukrani kwa padri, kwa walimu, kwa kwaya, kisha kuomba radhi, kisha kueleza kwa nini kijana Landry anafia njiani akitoka Vitshumbi kununua samaki. Lucie akaweka mchi chini.

"Kumbe mutoto alishakufa? Basi, papa Ferdinand, funga simu. Mimi narudilia sombe yangu."

Kesho yake nikawasomea majirani, safari hii bila maelezo. Laiti ungekuwapo! Landry alipochelewa kufika mji wa Kiwanja, Fiston, yule fundi wa pikipiki, akapaza sauti: "Muzee, usipumzike, endelea!" Nilipomaliza ndipo nikawasomea shukrani zako, nao wakasikiliza neno kwa neno, kwa kuwa sasa walikuwa na mtu wa kumlilia.

Wote, isipokuwa mama Kahindo. Yeye aliinuka risasi za kwanza zilipolia katika hadithi, akaenda kwake. Mwanawe hajarudi tangu vita vya Januari, na hakuna aliyemwonya mama huyo kabla sijaanza kusoma.

Hapo nikaelewa jinsi ya kugawa maelezo. Jambo ambalo msomaji analihitaji ili achague kuingia au kutoingia, litangulie, kwa sentensi moja: hadithi hii ina risasi na kifo cha kijana. Jambo lenye ladha kwa aliyekwisha kusoma, yaani shukrani, chanzo cha hadithi, sababu ya kifo, lisubiri mwisho. Katikati usiweke kitu. Neno la wavuvi likiwa gumu, acha sentensi yenyewe ilifafanue.

Nakuhimiza kwa sababu Éphraïm, yule mwenye kundi la wasomaji, anaituma kwao wote Jumamosi. Ikishatoka hairudi, na hii ndiyo hadithi yako ya kwanza mbele yao. Wakiishia mlangoni, ya pili hawataifungua.

Msalimie mama yako Bénédicte na mdogo wako Aubin. Mungu aulinde mkono wako unaoandika.

Akupendaye bila kuchoka,
Baba yako mkubwa,
Ferdinand

Maelezo ya mwandishi, mahali pake: leo hii hamishia maelezo yako yote mwishoni, bakiza juu ile sentensi moja ya kuonya, umtumie Éphraïm.