Mholanzi wa Malaba

Etyang, rafiki yangu,

Tulikuzika huko Chakol Jumamosi. Walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema ulikuwa mtu mkimya, wakala wa forodha asiye na neno na serikali. Nikauma ulimi. Wewe, mkimya? Wewe uliyeanika mtandaoni kila hongo ya foleni ya malori, mji mzima ukisoma na kukuita Mholanzi, kwa sababu VPN yako, ile programu ya kuficha ulipo, ilionyesha uko Uholanzi, kumbe umekaa hapa Malaba unatafuna karanga.

Walitangaza redioni kwamba VPN zitazimwa. Wakafunga moja, ukaweka nyingine kabla chai haijapoa. Wakaleta mitambo na vijana kutoka Nairobi. Serikali isiyoona lori zima la sukari ya magendo mchana ingekuonaje wewe? Basi wakafanya wanachokiweza: wakamkamata mwenye mdomo, mwandishi wa makala za kuwatukana, wakidhani ndiye Mholanzi. Mimi. Mara mbili. Ulikuja kituoni na mkate, ukaninong'oneza, "Vumilia, Mholanzi." Nilitaka kukupiga. Nikacheka.

Sasa sikiliza. Baada ya mazishi tulizunguka chungu cha pombe ya ajono, kila mtu na mrija wake. Yule bwana wa usalama aliyenikamata akaketi kando yangu. Akavuta pombe, akafuta mdomo.

"Mzee, mbona Mholanzi amenyamaza tangu rafiki yako alazwe hospitalini?"

Akamtazama Amoit, mjane wako, aliyekuwa akiongeza maji moto chunguni.

"Kompyuta za marehemu si amebaki nazo mama?"

Unaona? Walichoshindwa na mitambo, kifo chako kinawafanyia bure. Ukurasa wako mtandaoni ukiendelea kunyamaza, watajua Mholanzi ulikuwa wewe, na watabisha kwa Amoit.

Neno la siri ulilonipa hospitalini ninalo. Tangu asubuhi naandika na kufuta. Kufikia mstari wa pili nimeshamtukana mtu, na matusi yangu wanayajua. Watatambua mara moja kwamba mwenyewe hayupo. Wewe hukutukana. Ulitaja lori, kizuizi, na aliyenyoosha mkono, kisha ukawatakia kazi njema. Hiyo "kazi njema" iliwauma kuliko makala zangu zote. Sikuwahi kukuambia.

Pumzika, ndugu yangu. Amoit hatabishiwa mlango. Kesho Mholanzi ataandika, kwa upole, hata kama upole huo utaniua. Na mwishoni nitawatakia kazi njema.