Turbo ya Shemeji Cesar

Rahaleo, Mtwara
12 Oktoba

Kwa kaka yangu mpendwa Mauricio,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya huko Kahama, wewe na Wifi Beatrice na wanafunzi wako wote, watukutu kwa watulivu. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Watoto wanakula kama nzige, mikorosho ya Mama kule Kilambo imeanza kuangusha, na shemeji yako Cesar anakusalimu sana, ingawa kwa sasa shingo yake haigeuki upande wa kushoto, jambo ambalo nitalieleza. Mwanao Nilza naye hajambo. Habari zake zimo humu humu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Kaka, wewe simu ukisikia neno usilolipenda unaikata. Barua hata ukiifinyanga kwa hasira, itabidi uikunjue tena ujue mwisho wake. Kwa hiyo kaa chini, mwambie Wifi akuletee chai, na tafadhali weka kando ile kalamu nyekundu ya ukuu wa shule.

Gari la Cesar unalijua kwa picha tu. Ni Benzi ya zamani ya milango miwili, rangi ya samli, aliyoinunua kwa mhasibu mmoja aliyemaliza mkataba wake kwenye kiwanda cha gesi cha Madimba akahamia Dar. Viti vyake ni vya ngozi, tena vina kitufe cha kuvipasha joto. Cesar alikibonyeza mara moja, mwezi wa Desemba, ili ahakikishe kinafanya kazi, akashuka ameloa kama aliyetoka kuoga. Lakini alifurahi, maana kilikuwa kinafanya kazi. Analipenda gari hilo mpaka watu wa Rahaleo wananiita bi mdogo.

Tatizo lilikuwa uzee. Siku moja tulikuwa tunapanda kilima cha Mikindani kwenda harusini, Cesar amekanyaga mafuta mpaka mwisho, tukapitwa na bajaji ya mizigo. Ilikuwa imebeba kochi la watu watatu, na juu ya kochi amekaa bibi mmoja na mwavuli wake. Alipofika usawa wa dirisha letu, yule bibi alitupungia mkono kwa heshima zote, kama mtu anayewaaga wasafiri wa mbali. Harusini Cesar hakula pilau. Tuliporudi nyumbani alikaa kibarazani, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa wosia kwamba gari litafungwa turbo.

Nilimuuliza turbo ni nini. Akasema ni kitu kinacholipa gari pumzi. Nikamwambia basi tuanze na yeye, maana kupanda ngazi za kanisa tu anapumzika mara mbili. Tulinuniana siku kadhaa kwa neno hilo.

Abdallah, mwenye gereji pale Chikongola, alimpatia turbo iliyotoka kwenye lori la samaki lililokufa. Cesar aliileta nyumbani ameikumbatia. Ilikuwa kubwa kama sufuria yangu ya ubwabwa, na ilinuka samaki kibua. Hapo ndipo tulipompata fundi wetu. Jina lake nitalitaja mbele, usiniharakishe. Fundi aliitazama turbo, akaitazama injini, akamwambia Cesar, bila kumficha, kwamba pua ya tembo haipachikwi kwa paka.

Cesar alikasirika. Alisema Abdallah ameshafunga turbo nyingi. Fundi akamjibu kwa adabu kwamba hilo ni kweli, lakini aulize ni ngapi zinatembea. Kisha akachukua mkaa akatuchorea ukutani, ukuta wangu niliotoka kuupaka rangi. Alitueleza kwamba turbo ni feni mbili zilizoshikana migongo. Moshi unaotoka kwenye injini huizungusha ya kwanza, na kwa kuwa zimeshikana, ya pili huzunguka pia na kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingevuta yenyewe. Hewa nyingi na mafuta zaidi ndiyo nguvu. Lakini injini ya zamani ikisukumiwa kupita kiasi hupasuka, kama mzee anayelazimishwa kumaliza sahani ya pili. Kaka, mimi niliyekuwa natoroka vipindi vya sayansi, nilielewa siku hiyo.

Wakapata turbo ndogo iliyotoka kwenye pikapu, kazi ikaanza uani. Jiko langu liligeuka stoo. Beseni la kufulia likawa la oili. Nilikwenda kuanua nguo nikakuta kwenye kamba kumeanikwa mipira ya rejeta. Boneti ilipokataa kufunga, waliikata tundu, na Cesar aligeukia ukutani wakati wa kukata, kama baba anayempeleka mtoto kuchanjwa. Muda wote huo fundi alikuwa anakula kwetu, na nakuhakikishia anakula vizuri, hasa kisamvu cha nazi.

Siku gari lilipowaka lilitoa mlio kama wa mtu anayepiga mluzi kwa mbali, na ukiachia mafuta lilipiga chafya ya mbuzi. Fundi aliiwekea turbo kipimo kidogo, akamkanya Cesar kwamba ile nati kwenye mkono wa turbo isiguswe na mtu, maana ndiyo inayoamua hewa iingie kiasi gani. Kumkanya shemeji yako kitu ni kumwonyesha pa kuanzia. Jumamosi aliikaza kidogo. Hakuona tofauti, akaikaza tena.

Jumapili tulipita mbele ya kanisa wakati maharusi wanatoka. Cesar alitaka watu wasikie mluzi. Akakanyaga, gari likaruka kama lililochomwa sindano, kisha ukatokea mlipuko ambao sijausikia tangu nizaliwe. Kumbe bomba la hewa lilikuwa limechomoka. Msimamizi wa bwana harusi alilala chini kifudifudi na suti yake nyeupe. Bibi harusi, mtoto wa mjeshi, alibaki amesimama peke yake na maua yake, akatuuliza tunatafuta nini. Tulisukumwa mpaka nyumbani na wanakwaya. Fundi alirudisha bomba, akalegeza nati, akaweka funguo mfukoni mwake, akasema kuanzia siku hiyo Baba Cesar atapanda kama abiria. Na Cesar, mwenye gari, alitii.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Macho ya Mama unayajua yalivyokuwa. Mwaka jana madaktari bingwa walikuja hospitali ya mkoa kutoa watoto wa jicho, akakataa kuja, akasema jicho si jipu. Mwaka huu wamekuja tena na akakataa tena. Nililia, nikaomba, nikamtuma hata katekista. Aliniambia kwamba sura zetu zote anazikumbuka na hana haja ya kuziona zikizeeka. Mimi najua alikuwa anaogopa. Mwezi uliopita alimimina uji nje ya kikombe, akanywa kikombe kitupu, ili jirani asijue.

Siku ya mwisho ya madaktari, asubuhi, jirani yake Jasinto alipiga simu. Alisema Mama amekaa mlangoni amevaa gauni la kanisani na anauliza kwa nini hatujaja kumchukua. Madaktari walikuwa wanaacha kupokea wagonjwa saa sita mchana. Gari la abiria lilikuwa limeshaondoka Kilambo, na bodaboda Mama alisema hapandi kitu asichoweza kukiegemea. Tukatazamana. Fundi akatoa funguo mfukoni.

Mimi nilibaki nyumbani na watoto, kwa hiyo haya nimesimuliwa na Mama mwenyewe, na kila anaposimulia mwendo unaongezeka. Walifika wakamkuta na kiroba cha muhogo na jogoo wa kumpa daktari. Mama akakaa mbele. Cesar akaingia kiti cha nyuma, kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mkoba wa mwanamke, akakunja magoti mpaka kidevuni, kiroba ubavuni, jogoo mapajani. Kwenye ule mpando wa mchanga walikuta pikapu imekwama na watu wanasukuma. Fundi alimwambia Cesar ajishike, kwa sababu ukisimama mchangani umemezwa. Alikaza mwendo mapema kabla ya mpando, turbo ikaanza kupiga mluzi, wakapita pembeni ya pikapu gari likienda upande upande kama kaa. Cesar alikuwa anasali kwa Kireno, lugha ambayo tangu babu yake avuke Ruvuma hakuna mtu wa ukoo wao aliyeijua.

Mama ndiye aliyefurahi. Kila wakipita gari aliuliza, "Huyo tuliyempita ni nani?" Akiambiwa ni lori la chumvi, anasema vizuri. Akiambiwa ni gari la serikali, anasema vizuri zaidi. Wakipunguza mwendo anauliza kama wamefika au wameogopa.

Walifika hospitali geti la wagonjwa linafungwa. Fundi alimshika Mama mkono wakakimbia, na nesi aliyekuwa anakusanya vifaa vyake akarudi kukaa. Mama alipokelewa wa mwisho. Cesar alibaki kwenye gari. Ili mtu atoke nyuma ni lazima kiti cha mbele kikunjwe, na kitasa chake kiko mahali ambapo mtu wa unene wa shemeji yako hafiki. Alikaa humo na jogoo mpaka alasiri, mlinzi alipokuja kuangalia ni nani anayewika kwenye Benzi. Hiyo ndiyo sababu ya shingo.

Kesho yake Mama alifunguliwa bandeji, sote tukiwa tumezunguka kitanda. Alipepesa macho, akanitazama mimi, akasema nimenenepa. Akamtazama Cesar, akasema yeye ndiye amezidi. Kisha akamwita fundi, aliyekuwa amejibanza mlangoni na ovaroli yake.

"Sogea nikuone."

Fundi alisogea. Mama alimshika mikono, akaigeuzageuza, akatazama oili iliyoganda kwenye kucha. Akasema mikono hii si ya kushika chaki. Akasema sauti aliijua tangu alipofungua mlango wa gari kule Kilambo, maana kilichoharibika ni macho, masikio hayana kasoro, ila alikuwa anangoja aambiwe na mwenyewe.

Kaka, fundi huyo ni Nilza. Mwanao.

Usifinyange karatasi, nimebakiza kidogo. Ualimu uliompeleka kusomea ameuacha tangu mwaka jana. Alikwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, watoto wakampenda, lakini yeye alikuwa anachungulia dirishani pikipiki ya mwalimu wa zamu inayokataa kuwaka. Akahamia chuo cha ufundi, magari. Mimi nimejua siku ile turbo ya samaki ilipoingia uani na yeye akashindwa kunyamaza. Nilimwambia akueleze. Aliniahidi kila wiki, na kila wiki alishika simu akairudisha. Mtoto anayekwenda kwenye mchanga bila kupepesa anakuogopa wewe tu hapa duniani. Pale kitandani kwa Mama ndipo nilipomwona analia, akiuliza kama utamwita mwanao tena.

Mama amenituma neno. Anasema marehemu Baba alitaka wewe ubaki na mikorosho. Ukatoroka kwenda sekondari na kaptura moja. Alinuna masika yote, hakutamka jina lako mezani. Masika yalipokwisha aliuza mbuzi akakupelekea viatu. Anauliza wewe umekusudia kununa kwa masika mangapi, ili ajue, maana sasa anaona na angependa kukuona wewe pia.

Mahafali ya Nilza ni mwezi ujao. Abdallah ameshasema anamtaka gerejini kwake, na kwa jinsi alivyochekwa kwa ile turbo ya lori, nadhani anamtaka kweli. Mimi sikuombi usikasirike. Kasirika huko huko Kahama mpaka hasira iishe, halafu panda basi uje.

Msalimie sana Wifi, umwambie vitenge vyake nimemwekea. Mpe pole kwa chai iliyomwagika, kama imemwagika. Mama anakubusu, Cesar anakupungia kwa mkono wa kulia, watoto wanakuamkia. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Telma

Nilza amesimama nyuma yangu ninapoandika. Nimemuuliza kama ana neno lolote. Amefuta mikono vizuri kabla ya kuishika bahasha.