Msahafu wa Mjomba

Mahallat,
Mfunguo Sita, 1259

Mpendwa mdogo wangu Baqir,

Ya Ali madad. U hali gani huko Sindi, na joto lake wanalolisimulia wasafiri? Kifua chako je? Imamu wetu tunamwombea huko ugenini asubuhi na jioni. Sisi hatujambo, ukiondoa nitakayokueleza.

Baridi ya mwaka huu imeua mikomamanga yote ya nyuma ya nyumba. Mama amekonda, lakini ulimi wake haujakonda.

Sasa kaa kitako. Kaka Lutfali hakufa vitani kama ulivyosikia. Yu hai, tunaye humu ndani, ila haoni. Wamemtoboa macho.

Mlipovuka mpaka na Imamu mkilikimbia jeshi la mfalme, yeye alibaki ngomeni kule milima ya Kerman. Mjomba Shahbaz akampelekea msahafu wenye muhuri wake, kiapo cha amani: shuka, mwanangu, hakuna atakayekugusa. Kaka alisita. Mama ndiye aliyemtumia neno kwamba ndugu yake ni mtoto wa mfalme, hawezi kuusaliti msahafu. Unamjua Mama. Ukoo wake wa kifalme ulipowaua watu wetu, ulimtoa yeye aolewe na Baba ili damu ikauke, naye miaka yote aliamini kweli imekauka.

Basi kaka akashuka. Akaubusu msahafu, akala mkate na chumvi kwa mjomba. Walipokwisha kunawa mikono, wakamkamata. Mjomba akamrudisha kwetu juu ya nyumbu, na salamu kwamba amri ilitoka kwa mfalme, Tehran, mkono wake haumo. Mkate ule umtokee puani.

Kaka halalamiki. Mama humlisha kwa mkono wake, naye humtania, "Mama, leo umenipikia wali au kokoto?" Mama hucheka, kisha hutoka nje. Mimi nina hasira mpaka nashindwa kulala.

Juzi mjumbe wa mjomba kaja tena na msahafu mwingine. Huu ni wa kukuita wewe. Alitaka Mama atie muhuri wake kando ya ule wa mjomba, ndipo upelekwe Sindi. Mama akaupokea, akaubusu, akauweka rafuni.

"Maneno ya Mungu nimeyapokea," akamwambia. "Ya kaka yangu, rudi nayo."

Mjumbe kaondoka, lakini watakuja wengine, na kughushi muhuri si kazi kubwa. Kwa hiyo msahafu wowote utakaokufikia ubusu, usome, lakini usiufuate.

Na kuna hili, Mama kaniambia niliandike kama alivyolitamka: "Hata akiambiwa nimekufa, asije. Lutfali atanizika kwa kupapasa."

Nisalimie ami Mihrab na shangazi Nazanin, na uwabusu watoto wao. Mola akupe umri, na akukinge na wajomba zako.

Dada yako akupendaye,
Gohartaj